Fundi wa Chang'ombe aliyekataa magari mawili

Orodha yangu ya safari ya milima ya Rubeho ilianza na magari nane. Saba yakaja kukaguliwa, matano yakapita, na manne ndiyo yaliyofika mlimani. Tangu turudi watu hawaishi kuniuliza ile gereji iliyotukagulia magari ni ipi na bei zake zikoje. Kumjibu kila mmoja kwa simu kumenichosha, kwa hiyo nayaandika yote hapa, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi.

Kwanza mjue tulikuwa tunataka nini. Mimi ni mhasibu, mtoto wa Tanga, nimeletwa Dodoma na wizara mwaka 2017. Naendesha Suzuki Escudo ya mwaka 1998 ambayo wanangu wanaona haya kushushwa nayo shuleni. Kundi letu la kupanda milima na magari halina jina, halina katiba wala mweka hazina, ingawa ikifika saa ya kuchanga macho yote yananigeukia. Tunaitana kwa magari. Yupo Baba Mkonga, mwenye Land Cruiser ya aina ile yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Yupo Dada Jimny, muuguzi, dereva mtulivu kuliko sisi wote. Yupo Mzee wa 110 na Land Rover yake, mstaafu ambaye Oktoba 2024 aliendesha mwenyewe mpaka Arusha kwenye tamasha la Land Rover na hajaacha kulisimulia. Halafu Kaka Prado, kijana wa RAV4, bwana wa Hilux, na mwenye Harrier ambaye kila safari anajiandikisha wa kwanza na kila safari anapatwa na harusi.

Tulichagua Nane Nane kwa sababu mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, ukiunganisha na Jumamosi na Jumapili una siku tatu. Tena Agosti huku ni kukavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kuelekea Desemba zinakatika Aprili, na anayepanga kupandisha gari milima ya huku mwezi wa kwanza ana jambo lake. Nusu ya kundi walitaka Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Nikawaambia ile ni urithi wa dunia tangu 2006, haitakimbia, na lami imenyooka kutoka hapa mpaka Babati. Kolo hata Vitz inafika. Tukaelewana twende milima ya Rubeho, upande wa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa.

Mzee wa 110 ndiye aliyesema hatoki mjini mpaka magari yote yapite kwa fundi wake.

Gereji yenyewe haina kibao. Iko Chang'ombe ya hapa Dodoma, uani kwa mtu, chini ya miarobaini miwili, na utaijua kwa tairi la lori lililozikwa nusu na kupakwa chokaa. Fundi ni mzee Mgogo, kapita sitini, miwani yake imefungwa kwa uzi wa viatu. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba, mama," kisha akauliza, "Mnapandia wapi, na mtashukia wapi?" Nimeshapita kwa mafundi wengi hapa mjini na kila mmoja huanza na "gari lina shida gani". Huyu alianza na njia. Nikamchorea kwenye vumbi kwa kijiti, Gulwe hapa, Kibakwe hapa, naye akanisahihisha kwa kidole cha mguu.

Baadaye nilijua kwa nini. Ujana wake alikuwa tanboi kwenye Land Rover za HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, enzi ambazo Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo hadi mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi. Kazi yao ilikuwa kufika mahali ambapo ardhi imekatika. Kwa hiyo ukimwambia habari ya kujifurahisha na magari mlimani anakutazama kidogo kabla hajakujibu.

Ukaguzi ni shilingi 30,000 kwa gari na mwenye gari lazima awepo. Ukimtuma dereva anakurudishia. Tulikwenda Jumamosi, wiki mbili kabla ya safari, na niseme mapema kwamba huo muda ni wa chini kabisa; ukienda siku tatu kabla, anachokigundua hutapata nafasi ya kukitengeneza.

Alianza na Mkonga, na hapo ndipo tulipopata mchezo wa kuigiza. Land Cruiser za namna hiyo magurudumu ya mbele hayavuti kwa kuingiza foo wili (mvuto wa magurudumu yote manne) peke yake. Unatakiwa ushuke, uzungushe kwa mkono kile kifundo cha katikati ya rimu, kulia na kushoto. Baba Mkonga akazungusha vyote viwili kwa madaha, akaingiza foo wili, akaweka gia, akazima. Fundi akainua gurudumu moja la mbele kwa jeki, akaligusa kwa kidole. Likazunguka kama feni ya darini.

"Hili halitakiwi kuzunguka," akasema.

Kifundo kilikuwa kimeoza ndani, kinageuka nje tu, hakishiki kitu. Na difu ya kawaida, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, upande mmoja usiposhika, nguvu yote inakimbilia huko huko na upande wa pili hauvuti. Maana yake miaka minne tunayotambiwa foo wili, gari lile lilikuwa linasukumwa na miguu miwili ya nyuma kama Hiace. Hakuna aliyecheka wakati ule. Tulicheka kwenye Jimny, vioo vimefungwa.

Ikaja RAV4. Kijana alikuwa ameisafisha mpaka chini. Fundi hakulala hata chini yake. Akamwambia, "Kupanda utapanda, mwanangu. Kushuka je?" RAV4 ina foo wili lakini haina ile gia nzito ya kutambaa, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu unabaki na breki peke yake. Breki zikikanyagwa nusu saa zinachemka, mafuta yake yanachemka nayo, na siku hiyo utakanyaga pedeli mpaka chini bila kupata kitu. Kijana akabisha kidogo, akataja video alizoziona. Fundi akamrudishia 30,000 yake, akaenda kwenye gari linalofuata. Hilo la kurudisha hela sikuwahi kuliona gereji yoyote.

Kwa Prado alikwenda moja kwa moja kwenye tairi. Kwa macho yangu zilikuwa nzuri, meno bado marefu. Akafuta vumbi ubavuni akamwonyesha Kaka Prado tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3413. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 34 ya mwaka 2013. Kaka Prado akapandisha sauti: "Nimezinunua mwezi wa tano!"

"Umezinunua mwezi wa tano," akasema fundi, "lakini hazikuzaliwa mwezi wa tano."

Akakunja kidogo mpira pale karibu na rimu na nyufa zikaonekana, nyembamba kama mistari ya kiganja. Kupunguza upepo kwenye tairi ya namna hiyo halafu ukaipitisha kwenye mawe ni kuomba ipasuke ubavu, na ubavu hauzibiki pancha. Kaka Prado aliondoka amekasirika, na kwenye kundi la WhatsApp akaandika kwamba mzee anataka kumuuzia tairi. Mzee hauzi tairi. Hana hata moja, ukiacha ile ya chokaa.

Escudo yangu ilipita, kwa aibu. Alipofungua mafuta ya difu ya nyuma yakatoka meupe kama chai ya maziwa. Nilikuwa nimevuka maji upande wa Hombolo mwezi wa tatu nikajiona shujaa. Kumbe difu ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji ya baridi inavuta pumzi ndani, na ule mpira wake wa kupumulia ulikuwa umekatika, ikavuta maji. Akabadilisha mafuta, akaweka mpira mrefu akaupandisha mpaka kwenye injini, akaweka na kifuniko kipya cha rejeta. Jumla nililipa 118,000, ukaguzi ukiwemo. Dada Jimny alilipa 30,000 tupu na hakuguswa hata nati, jambo ambalo amelitaja mara kadhaa.

Sasa malalamiko, maana yapo. Ukiambiwa "kesho asubuhi" wewe weka akilini keshokutwa. Mahali pa kukaa hakuna. Nilikaa saa tano juu ya ndoo ya oili. Choo ni cha kuomba kwa jirani. Risiti hakuna kabisa, hesabu zako zinaandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye boksi la filta na boksi lenyewe unapewa uondoke nalo, na mimi kama mhasibu roho iliniuma. Na vijana wake wawili wana haraka. Mzee mwenyewe ni makini, lakini akishika gari moja, vijana wanafunga mengine. Kwenye hilo nitarudi.

Anakubali kusindikiza safari. Kwa siku mbili alitaka 120,000, chakula na pa kulala juu yetu. Tukagawana kwa magari. Bwana wa Hilux aliitwa kazini Alhamisi jioni, kama ilivyo desturi ya mji huu, lakini alilipa sehemu yake bila kuombwa, na kijana wa RAV4 akaja kama abiria wa Mzee wa 110.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tupite Nzuguni kabla watu wa maonesho ya Nane Nane hawajaziba barabara. Tuliposimama Mbande kunywa chai kabla ya kukata kwenda Kongwa, fundi hakunywa. Alichukua wili spana akazunguka gari moja moja, gurudumu moja moja. Kwenye Escudo yangu, nyuma kulia, nati mbili zilikuwa zimekazwa kwa vidole tu. Vijana wake walikuwa wamelifungua lile gurudumu walipobadilisha mafuta. Mzee alizikaza, akasimama, akanyamaza muda, akasema, "Mama, hili ni kosa langu." Akanirudishia 10,000. Nimempunguzia sifa kwa ajili ya zile nati na sizirudishi, maana asingekuja nasi nani angezikaza? Ukitoka pale, simama mwenyewe baada ya kilomita hamsini ukague. Kwa kweli ukitoka gereji yoyote.

Mpwapwa ni kama kilomita 120 kutoka Dodoma. Tulijaza mafuta pale mpaka shingoni, tukanunua mkate na maji, tukateremka Gulwe. Treni ya SGR ilipita upande wa pili wa bonde wakati tunapunguza upepo, sekunde chache imeshapotea, na Mzee wa 110 akasema hao wanakwenda Dar watafika kabla sisi hatujafika Kibakwe. Hakukosea sana.

Habari ya upepo ndiyo iliyonilipa ile hela. Kulikuwa na korongo la mchanga, pana, mchanga wenyewe laini kama unga wa uwele. Nilikuwa natembelea upepo 28. Fundi akanishushia mpaka 18, Mkonga wa 40 ukashuka mpaka 20. Tairi ikilegea inalala, inakanyaga eneo refu zaidi, gari linaelea badala ya kuchimba. Nilipita gia ya pili bila kusimama na bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Baba Mkonga, ambaye kifundo chake kipya kilikuwa na siku nne, alipita akipiga honi. Lakini tukishapita, mtu usijisahau ukarudi barabarani na upepo ule ule; tairi iliyolegea ikikimbizwa inajikunja, inapata moto, inapasuka. Na hapa kuna upungufu mwingine wa huduma hii. Fundi ana pampu moja ndogo ya umeme ya kubana kwenye betri. Magari manne, tairi kumi na sita, pampu ikipata moto inapumzishwa. Kurudisha upepo siku ya pili kulitula saa moja na dakika arobaini, juani. Kama mnakwenda wengi, nendeni na pampu ya pili.

Baada ya Kibakwe njia inaanza kupanda na hewa inabadilika. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipovuka milima hii mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, Burton aliandika kwamba Rubeho maana yake ni njia ya upepo. Sina ubishi naye. Saa kumi jioni Dada Jimny alikuwa amevaa makoti mawili.

Hatukuingia hifadhi ya msitu. Huko kunataka kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, na sisi hatukukiomba. Tulipita njia ya kijiji inayopitwa na pikipiki na punda, mtendaji wa kata nikiwa nimeshampigia simu wiki moja kabla. Fundi alikuwa na sharti moja ambalo alilisema Chang'ombe, akalirudia Mpwapwa, akalirudia tena palipoanza mawe: hakuna kutoka nje ya njia. Ukikuta jiwe, lijenge kwa mawe mengine ulipande au rudi, lakini usilizunguke kwa kukanyaga majani. Kila alama ya tairi pembeni ya njia, anasema, maji ya Januari yanaifuata, na mwaka unaofuata ni korongo. Kijana wa RAV4 aliuliza alama moja tu inaweza kufanya nini. Mzee akamwonyesha ng'ambo ya bonde, ufa mwekundu mrefu ukishuka mlimani, akamwambia hiyo ilianza kama njia ya ng'ombe.

Kwenye kona ya tatu 110 iliteleza. Haikuanguka, ilikaa tu kwenye mtaro, magurudumu mawili hewani, Mzee wa 110 ndani ameshika usukani kama mtu anayesubiri taa za barabarani. Baba Mkonga tayari alikuwa amegeuza, ametoa mnyororo, anataka kuufunga kwenye ile tufe ya nyuma ya kuvutia tela.

Hapo ndipo nilipomsikia fundi akipaza sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Tufe ile imetengenezwa kuvuta tela linalobingirika, si gari lililonasa. Ikikatika, na hukatika, inaruka na mnyororo wake kama risasi, inapita kioo, inapita na mtu. Akatoa mkanda wake mpana wa nailoni na shekeli mbili, zile pete za chuma za kuunganishia, akafunga kwenye fremu ya Mkonga na fremu ya 110, akatandaza koti zito katikati ya mkanda ili ukikatika uzito wa koti uuangushe chini. Halafu akatupanga: wote mbali, mara mbili ya urefu wa mkanda, hakuna kusimama kwenye mstari wake. Tukachimba kidogo kwa sepeto mbele ya magurudumu. Mkonga ukavuta taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue Baba Mkonga, miguu yote minne ilivuta. Dakika kumi na tano zikaisha.

Tulilala kwenye kiwanja cha mkulima mmoja aliyetukaribisha na kutupikia viazi na maharage. Hela ya kiwanja alikataa, ya viazi akapokea. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka saa tatu, tukasubiri. Kushuka nilifanya nilivyofundishwa: gia nzito, namba moja, mguu mbali na klachi, breki kwa kugusa tu. Injini ikaguna njia nzima ikinizuia. Nilipofika chini niliweka mkono karibu na rimu, ilikuwa vuguvugu. Kijana wa RAV4 naye akaja akaweka mkono wake pale. Hakusema kitu.

Kwa nani nisingependekeza gereji hii? Kwa mwenye kutaka gari kesho, kwa anayehitaji risiti ya kupeleka ofisini, na kwa mtu asiyependa kuambiwa hapana mbele za watu. Wengine nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, siku za kazi, na mbebe kiti. Malipo ni taslimu au kwa simu. Mzee akishika gari lako, kaa hapo hapo mpaka alifunge mwenyewe.

Wiki iliyopita Kaka Prado alinipigia akiwa duka la tairi, nyuma yake muuzaji anaongea bila kumeza mate. Akaninong'oneza tarakimu: "Mbili, moja, mbili, nne. Hii vipi?" Nikamwambia wiki ya 21, mwaka 2024, lakini ampigie fundi athibitishe ubavu. Akasema ameshampigia mara tatu, hapokei. Nikaangalia saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Saa hizo mzee amelala chini ya mwarobaini, na simu yake iko ndani ya boksi la spana.